Nyayo za Laetoli: zifunuliwe au ziendelee kulala chini ya mchanga?

Ukipita pekupeku njia ya vumbi kule Ngaramtoni baada ya rasharasha, unyayo wako hubaki chini kama muhuri: kisigino kimezama, kidole gumba kimesukuma udongo, matone yametoboa vishimo pembeni. Kesho yake haupo. Laetoli, Ngorongoro, unyayo wa namna hiyo, wa kiumbe wa ukoo wa binadamu, umedumu miaka milioni 3.66, na vishimo vya mvua vipo pia. Lakini umefukiwa. Hapa Arusha, mji wa waongoza watalii, unasikia swali: kwa nini mgeni aishie kuona nakala kwenye makumbusho ya Oldupai wakati nyayo zenyewe zipo?

Jibu langu linaanzia kwenye aina ya kisukuku, yaani mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyodumu ardhini. Mfupa wa kale ni mabaki ya mwili. Madini yameuingia polepole ukawa jiwe, na jiwe hubebeka. Fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lilipatikana Oldupai mwaka 1959, leo linahifadhiwa Dar es Salaam. Unyayo ni alama tu ya mtu aliyepita, na ndani yake mna hewa. Ukitaka kuuhamisha, unakata ardhi.

Na ardhi hiyo ndiyo inayotunza tarehe. Volkano, inayotajwa zaidi ikiwa Sadiman, ilimwaga majivu. Mvua nyepesi ikayalowesha, viumbe wakapita, jua likayakausha yakashika kama saruji, kisha majivu mengine yakafunika. Ndani ya majivu mna chembe zenye potasiamu, na sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika. Gesi hiyo hupimwa katika tabaka la chini na la juu, umri wa nyayo ukabanwa katikati.

Wanaotaka zifunuliwe wana hoja nzito. Kufukia peke yake si kulinda. Nyayo zilizochimbuliwa na timu ya mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey mwaka 1978 na 1979 zilifunikwa kwa mchanga uliokuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota juu yake. Miaka ya 1990 ilibidi zifukuliwe, mizizi ishughulikiwe, zifukiwe upya. Halafu kuna la mwaka 2015, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: mashimo ya majaribio yaliyochimbwa kwa sababu ya mpango wa kujenga makumbusho yaliibua nyayo nyingine, kama mita 150 kutoka zile za kwanza, na watafiti wa Kitanzania ndio waliokuwa mbele. Bila mpango ule, huenda tusingezijua hadi leo.

Hata hivyo nasimama upande wa mchanga. Majivu yale, ingawa yalishika, bado ni laini. Jengo juu yake linataka paa lisilovuja, mifereji, umeme na walinzi, vizazi na vizazi, mbali na mji. Paa likivuja masika moja tu bila mtu kushtuka, hakuna pa kuzipata nyingine.

Tena nyayo hazijamaliza kusema. Kuna zilizopatikana mwaka 1976, baadaye zikadhaniwa za dubu. Udongo ukazifunika. Mwaka 2019 zikafukuliwa, zikapimwa upya, na mwaka 2021 watafiti wakatangaza kwamba ni za kiumbe wa ukoo wa binadamu, mwenye mwendo tofauti na wale wa nyayo za timu ya Leakey za mwaka 1978. Zingemomonyoka, nani angerudi kuuliza?

Ninachodai ni kwamba kufukia kusigeuke kuficha. Mchanga ukaguliwe, migunga ing'olewe ingali miche. Nakala za ukubwa halisi ziwekwe Arusha mjini na Moshi, tena sakafuni, mtoto avue viatu alinganishe mguu wake.

Nilimpeleka mpwa wangu Oldupai. Nakala inaonyesha njia ya watatu: mmoja anakanyaga palepale alipokanyaga mwenzake, na pembeni yao kuna nyayo ndogo. Alizitazama kitambo, akaniuliza, "Mjomba, huyu mdogo alikuwa ameshikwa mkono?"