Reli Ikikamilika Tabora, Nani Ataitunza?

Vijana wa hapa Tabora wanaoniuliza kuhusu reli ya kisasa huuliza habari za ujenzi: nani anaajiri, kambi iko wapi, kwa siku wanalipa kiasi gani. Siwalaumu, njaa haina subira. Lakini mkandarasi akishamaliza ataondoka, na reli itabaki. Watakaobaki nayo ni mafundi sanifu, yaani mafundi wenye stashahada, na huko ndiko natamani vijana wetu waelekee.

Mji huu umeishi na reli tangu mwaka 1912, miaka miwili kabla haijafika Kigoma. Ila reli mpya inataka ujuzi mwingine. Treni zake, kama zile zilizoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, huvuta umeme wa kilovolti 25 kutoka kwenye waya ulio juu ya njia. Kwa umeme huo hakuna kubahatisha. Fundi lazima ausome mchoro, azime, apime ahakikishe umeme haupo, aunge waya na ardhi, ndipo aguse. Kisha aandike alichofanya, kwa sababu mwenzake wa zamu ya usiku hatamwona, ataona maandishi yake tu. Hili la kuandika vijana wengi hulidharau, nami naliona ni nusu ya kazi.

Wazazi nao wanatukwamisha. Mtoto akimaliza kidato cha nne na alama nzuri za Fizikia na Hisabati, wanamsukuma kidato cha tano, kana kwamba stashahada ya ufundi sanifu ni ya walioshindwa. Si kweli hata kidogo! Ni miaka mitatu ya darasa, karakana na fildi, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi inawasajili mafundi sanifu pia. Tena chuo cha reli kipo hapa hapa Tabora.

Ombi langu kwa wanaosimamia ujenzi ni moja: wapokeeni wanafunzi wa fildi sasa, wakati mitaro ya nyaya za ardhini ingali wazi na nguzo zinasimamishwa. Nyaya zikishafukiwa, kijana atakayekuja kuzitafutia hitilafu atakuwa na mchoro peke yake. Aliyeziona zikilazwa atajua pa kuanzia kuchimba.