Miaka Sita ya Vibarua

Ukikaa siku hizi na vijana wanaotengeneza tovuti kwa kujitegemea, iwe hapa Mombasa au Nairobi, hufiki kikombe cha pili cha chai kabla ya kuambiwa: achana na vibarua, jenga chako. Chako maana yake ni programu utakayoimiliki mwenyewe, watu wakailipia kila mwezi nawe umelala. Kibarua ni tovuti ya shule, ya gesti, ya duka la vipuri. Unalipwa mara moja, mnaagana, hadi siku mteja atakaposahau nywila.

Ushauri huo una ukweli wake na nitaufikia. Kinachonikera ni kwamba mfano unaotolewa kila mara kuuthibitisha unasema karibu kinyume chake.

Mfano wenyewe ni Mailchimp. Husimuliwa kwa pumzi moja: wabunifu wawili wa tovuti mjini Atlanta, Marekani, walikuwa na mradi wa pembeni wa kutuma barua pepe kwa wingi, mwaka 2021 kampuni ya Intuit ikakubali kuununua kwa takriban dola bilioni 12, na muda wote huo hawakuwahi kuchukua fedha za wawekezaji. Yote ni kweli. Kinachorukwa ni katikati. Ben Chestnut na Dan Kurzius waliianzisha Mailchimp mwaka 2001. Kazi za kubuni tovuti za wateja waliziacha mwaka 2007.

Miaka sita. Namba hii hainitoki kichwani, kwa sababu ndiyo hadithi yenyewe na hakuna anayeitaja. Miaka sita ni masika sita, Ramadhani sita, Desemba sita za kukimbizana na wenye hoteli wanaotaka picha mpya kabla wageni hawajatua. Muda wote huo kulikuwa na wateja wa kuhudumiwa na mradi wa pembeni wa kulea. Sasa mtazame kijana anayewaaga wateja wake Januari ili ajenge chake, na ifikapo Juni anasambaza barua za kuomba ajira. Amejipa miezi sita ambapo wale anaowaiga walikuwa na sabini na miwili. Hata sehemu ya kumi haijafika, naye anajiita aliyeshindwa.

Halafu kuna swali la wazo lilitoka wapi. Wawili hao walikuwa wamewahi kujaribu mradi mwingine, wa kadi za salamu za mtandaoni, ukafa. Wateja wao wa tovuti walipoanza kuomba njia rahisi ya kutuma majarida kwa barua pepe, msimbo wa zile kadi zilizokufa, yaani maandishi yanayoiendesha programu, ukatolewa kabatini na kugeuzwa. Kwa hiyo mradi walioubuni wao wenyewe ulizikwa, na ule ulioombwa na mteja ndio uliokuja kuuzwa mabilioni.

Wala si hao peke yao. Kampuni ya 37signals ya Chicago ilianza mwaka 1999 kwa kubuni tovuti za watu. Basecamp, programu ya kusimamia miradi iliyowapa umaarufu tangu 2004, waliitengeneza kwanza kwa shida yao wenyewe: kazi za wateja ziliwachanganya, nani kasema nini, nani anasubiri nini. Wateja walipoiona wakaitaka. Ruby on Rails, msimbo wa msingi ambao mafundi wengi wa dunia wameutumia kujengea tovuti zao, ulichomolewa humohumo.

Najua mtaniambia kwamba hao ni washindi, na kwamba waliokufa njiani hawasimuliwi. Sawa. Basi niwape mfano wa aliyekufa njiani, nami namfahamu vizuri.

Mradi wangu wa kwanza wa pembeni ulikuwa tovuti ya nyumba za kupanga. Niliijenga Mei na Juni, mwambao umepoa, kusi inavuma na hoteli nyingine zimefunga kwa ukarabati. Niliipenda kama mtoto wa kwanza. Ilipata nyumba kumi na moja, nne kati ya hizo za binamu yangu. Hakuna aliyeniomba tovuti ile. Madalali hawakuitaka kwa kuwa ilikuwa inawakata miguu, na wapangaji walikuwa wameshazoea kuuliza mtaani na kwenye makundi ya WhatsApp. Mteja mmoja tu angeniambia haya kwa dakika tano, ila sikuwa na mteja. Nilikuwa na wazo.

Wa pili sikuubuni mimi. Mzee mmoja mwenye gesti Diani alinipigia usiku wa Desemba: wageni wawili wamesimama mapokezi na chumba ni kimoja. Mmoja amekata chumba kupitia Airbnb, mwingine Booking.com, tovuti mbili za kukodisha vyumba. Kalenda alikuwa ameziunganisha kwa iCal, muundo wa kubadilishana kalenda uliowekewa kanuni tangu 1998, nao una kasoro yake. Tovuti ya kwanza haiiambii ya pili papo hapo kwamba chumba kimechukuliwa. Kila moja huja kuisoma kalenda ya mwenzake kwa wakati wake, pengine baada ya saa kadhaa, na katika pengo hilo ndimo wageni wawili wanamopita. Sikuwa na dawa usiku ule. Januari mteja mwingine akanilalamikia hilohilo, halafu wa tatu. Nikatengeneza kitu kidogo kinachozisoma kalenda zote kila baada ya dakika chache na kumtumia mwenye gesti ujumbe wa simu, akafunge chumba upande wa pili kwa mkono wake. Hakina urembo. Leo gesti tisa zinakilipia kila mwezi kwa M-Pesa.

Nisiwaonee wenzangu, kwani hoja zao nzito zipo. Mteja wa Atlanta hulipa kiasi cha kumwezesha fundi kuvumilia miaka sita, na wa kwetu mara nyingi halipi hivyo. Ukilazimika kushika tovuti tano kwa mwezi ili utimize kodi ya nyumba, jioni ya kujenga chako utaitoa wapi? Na kuna salio. Nina mteja, simtaji, aliyenipa nusu ya fedha, akazindua tovuti kwa sherehe na keki, na nusu ya pili naidai mpaka leo. Mradi wako haukukopi hivyo. Lakini dawa ya bei ndogo ni kupandisha bei, na kumtoza mteja ada ya matunzo kila mwaka, yaani seva, kikoa (anwani ya tovuti), masasisho na zile simu za nywila. Wengi tunaitoa kazi hiyo bure huku tukilalamika kwamba kibarua hakina pato la kudumu.

Hoja iliyonitikisa kweli ni ya umiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 iko wazi: kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwake aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma tena. Bila maneno yoyote ya makubaliano, ulichoagizwa kujenga si chako. Kama kile kidude cha kalenda ningekijengea ndani ya oda ya yule mzee wa Diani, zile gesti nane nyingine nisingekuwa na haki ya kuziuzia chochote bila idhini yake. Anayesema "jenga chako" hapo amenishinda kwa sheria.

Amenishinda, ila sheria hiyohiyo imeacha mlango: mmekubaliana vingine. Tangu hapo kila mkataba wangu una sentensi inayosema kwamba sura, maandishi na picha ni za mteja, na msimbo wa jumla unabaki wa fundi, mteja akiwa na ruhusa ya kuutumia bila kikomo. Wateja karibu wote hutia saini bila hata kuisoma, jambo ambalo halinifurahishi sana.

Yule mzee aliisoma. Aliweka miwani, akaipitia mara mbili, akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo shida ni yangu, wageni waliolala kwenye kochi ni wangu, halafu nikulipe wewe kila mwezi?" Nikamwambia ndiyo, mzee wangu, ndivyo ilivyoandikwa. Tulikubaliana mwaka wa kwanza atumie bure. Mwaka wa pili alilipa kabla ya wote, akanitumia na orodha ya mambo manne ambayo kidude changu hakiyawezi.