Supu ya Asubuhi Haikati Pombe

Kila Jumapili asubuhi vibanda vya supu vinajaa madaktari. "Kamulia ndimu nyingi, mwanangu, ikate pombe." Ikate ikiwa wapi? Pombe ya jana haimo tumboni. Iliondoka humo usiku uleule.

Pombe haisubiri kumeng'enywa. Molekuli zake ni ndogo, zinayeyuka kwenye maji na mafuta pia, zinapenya zenyewe hadi kwenye damu. Kama asilimia 20 hupenyea tumboni. Iliyobaki husubiri utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita kama 6 na mikunjo juu ya mikunjo. Kwa hiyo anayeamua kasi ya kulewa ni ule msuli wa duara kwenye mlango wa chini wa tumbo. Huna kitu tumboni, bia inateremka moja kwa moja, na ndani ya nusu saa hadi saa moja pombe imefika kilele kwenye damu. Umekula ugali na nyama, msuli unabana: tumbo linasaga kwanza, linaachia kidogo kidogo kwa saa kadhaa, na ini linaipunguza kadiri inavyoingia. Kilele kinakuwa chini. Sasa wewe unakunywa weee, halafu saa 5 usiku ndiyo unaagiza mishkaki! Ya nini?

Wanaosema unywe maziwa kwanza yapake tumbo, nao wanyamaze. Hakuna utando unaopakwa tumboni. Haya, yana mafuta na protini, yanachelewesha kidogo. Sahani ya pilau inachelewesha zaidi. Kuchanganya kinywaji kikali na soda, kwa wengi, ndiyo kuharakisha.

Ikishaingia kwenye damu, hakuna cha ndimu wala kahawa. Kuna ini, na ini halikimbizwi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu kama 20 za pombe. Ini la kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa 6 ni gramu 120. Aliyeanza saa 2 usiku atakuwa safi saa 2 asubuhi akiwa na bahati. Mwenye ini la polepole, saa 7 mchana. Na wengine saa 12 asubuhi wameshashika usukani, abiria nyuma wamesimama.

Supu inarudisha maji na chumvi, kichwa kinatulia, sibishi. Ila anayezimua kwa bia moja ajue ameliongezea ini gramu 20 nyingine kabla halijamaliza za jana.