Shujaa wa Mpini Mtupu

Babu aliniachia upanga. Miaka yote ulilala ndani ya ala yake juu ya kabati, rangi ya kahawia iliyoiva, bila kumsumbua mtu. Mimi na ujuaji wangu nikaona lazima ung'ae.

Nikachukua kipande cha bomba, nikaziba upande mmoja, nikajaza siki, nikauzamisha upanga hadi shingoni. Nyumba nzima ikanuka. Mke wangu akaniuliza, "Baba Asha, siku hizi unaogea nini?" Nikamwambia atulie, fundi yuko kazini.

Asubuhi nikauchomoa, mweusi tii. Nikaufuta kwa kitambaa, weusi ukatoka, nikabaki na chuma cha kijivu kilicho uchi kabisa. Nikausuuza, nikaulaza juu ya taulo, nikaenda kupokea simu. Kurudi, rangi ya chungwa! Kutu mbichi, na taulo nalo limepata alama yake. Kumbe siki hula kutu lakini haijui kuaga: usipoiua ukali kwa magadi, ukakausha na kupaka mafuta hapo hapo, chuma huanza upya.

Nikasugua tena, safari hii nikamalizia kwa maji yanayochemka, maana chuma cha moto hukauka chenyewe. Hilo ni kweli. Nilichosahau ni kwamba upanga una mpini, nao nikaumwagia birika zima. Nikapaka mafuta ya cherehani. Ukang'aa, jamani!

Sasa mwanaume ataacha kujitazama? Nikasimama mbele ya kioo, kifua mbele, nikakata hewa. Fyuu! Nikarudia. Mara ya pili upanga ukawa mwepesi ajabu. Kwenye kioo nikamwona shujaa ameshika mpini mtupu.

Bapa lilikuwa limechoma mlango wa bafu, mkia wake bado unatikisika. Kutoka ndani ikaja sauti ya upole sana:

"Baba Asha. Hii ncha ni ya nani?"

Mjomba alipokuja aliangalia utomvu ulioyeyuka, ule uliokuwa umeushika mkia ndani ya mpini, akatikisa kichwa. "Ule ukahawia ndio uliokuwa umri wake. Ungepaka mafuta, ukapitisha stilwaya laini penye kutu nyekundu tu, ukaacha." Kisha akaomba kwenda bafuni.

Alikaa kidogo tu. Ule ufa uko usawa wa macho kabisa, na taulo la kuuziba ni lile lile lenye kutu.