Kuvu Nyuma ya Ukuta Si Uzembe wa Mwenye Nyumba

Rafiki yangu amenyimwa fidia, na barua aliyoandikiwa imenikera mno. Kampuni ya bima inadai kuvu iliyokula ukuta wa jikoni kwake imetokana na "uvujaji wa muda mrefu", kwa hiyo bima ya nyumba haihusiki.

Uvujaji wenyewe ulikuwa wapi? Ndani ya ukuta, nyuma ya kabati lililogongomewa misumari. Kiungo cha bomba kilikuwa kinadondosha tone moja moja. Kwa nje rangi safi kabisa. Fundi alipobandua ubao, upande wa ndani ulikuwa mweusi tii, umelainika hadi kidole kinazama. Angeuonaje?

Mikataba mingi ya bima hufidia maji ya ghafla: bomba limepasuka, mashine ya kufulia imemwaga. Kuvu inayotokana na ajali hiyo mara nyingi nayo hulipwa, walau kwa kiasi. Bomba hilohilo likivuja polepole, unaambiwa ni uchakavu, hukufanya matengenezo. Matengenezo ya kitu kisichoonekana yanafanywaje? Tena kuvu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 tangu mahali palowane, kwa hiyo kuikuta ukutani hakuthibitishi kwamba mtu amezembea miezi. Muda uhesabiwe tangu siku ambayo mtu makini angeweza kuona dalili. Ipo mikataba yenye kipengele cha uvujaji uliojificha, kwa hiyo jambo hili linawezekana.

Nakubali, shingo upande, kwamba bima si mfuko wa ukarabati. Anayeona doa darini kila siku na kulipaka rangi juu asidai kitu. Najua pia kampuni zilitishika: mwaka 2001 baraza la mahakama (raia wanaoamua kesi) huko Texas, Marekani, liliamuru familia moja ilipwe dola milioni 32 katika kesi ya kuvu, na ingawa rufaa ilishusha kiasi hicho hadi milioni 4 hivi, vikwazo vya kulipia kuvu vikazidi. Woga huo usibebeshwe mtu aliyelipa ada zake zote kwa wakati.

Na kikomo cha fidia ya kuvu kiandikwe ukurasa wa kwanza, kwa herufi zinazosomeka.

Ukipata barua kama hiyo, usikubali haraka. Piga picha kabla fundi hajatupa chochote, omba ripoti ya mtathmini, yule anayekagua hasara kwa niaba ya kampuni, kwa maandishi, kata rufaa. Na kama mtathmini huyo hakufungua ukuta, muulize umri wa uvujaji ameujuaje.