Pesa ya msimu inatakiwa ifike Mei

Nikitaka kujua tuko mwezi gani hapa Newala, kusini mwa Tanzania, siangalii kalenda, naangalia meza yangu ya kushonea. Novemba na Desemba haionekani kwa vitenge: sare za ngoma, magauni ya harusi, mshono wa mama na wanawe watatu kitambaa kimoja. Nashona mpaka saa tano usiku. Ikifika Machi, meza hiyohiyo ina zipu za kubadilisha, kaptura ya shule iliyochanika na shuka la kukunja pindo. Aprili kuna siku naitia mashine mafuta, nafuta vumbi, nafunga mlango saa saba mchana kwa sababu hakuna aliyekuja.

Wateja ni walewale. Mama aliyenilipa 45,000 mwezi Novemba bila hata kuuliza bei ndiye huyohuyo anayekuja Machi na gauni la kutiwa kiraka, ananiambia, “Fundi, niandikie, nitakulipa msimu.” Namwandikia. Nina daftari zima la “msimu”, yaani msimu wa korosho.

Nimeliangalia jambo hili kwa miaka kumi na moja ya kushona, na leo nataka kulisema wazi. Mtu wa Kusini hakosi maendeleo kwa sababu hapati pesa. Anapata. Ila pesa yake huja mara moja kwa mwaka, na haifiki Mei.

Ushauri mwingi wa fedha tunaousikia redioni na kwenye simu ni wa mtu wa mshahara. Kila mwezi weka asilimia kumi, wanasema. Ni ushauri mzuri kwa mwalimu na nesi. Lakini mkulima wa korosho wa Tandahimba, wa Masasi au wa Nachingwea hana mwezi, ana mwaka. Minada inaanza Oktoba, korosho zinapimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, zinaingia ghalani, zinauzwa mnadani, na malipo yanakuja kwa mafungu kadiri alivyopeleka mzigo. Zikishakwisha hizo, hakuna nyingine mpaka Oktoba ijayo, labda awe na ufuta au mbaazi za kumsogeza. Mtu huyu ukimwambia aweke asilimia kumi, umemruhusu ale tisini, na hiyo tisini ataila kabla mvua hazijakatika.

Aliyenifundisha mimi ni mjomba wangu, kaka yake mama. Kwetu Wamakonde mjomba ana kauli kubwa kwa watoto wa dada yake, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo nilikuwa naitwa barazani kwake, napiga shikamoo, nakaa chini, nasikiliza. Ana ekari tano za mikorosho upande wa kuteremkia bonde la Ruvuma. Kijijini wanamwita mkono wa birika, na analijua jina hilo. Malipo yakiingia haendi sokoni siku hiyo. Anachukua daftari la shule, anachora mistari kumi na miwili, anaandika majina ya miezi kuanzia huu uliopo. Kisha anajaza kutoka chini kwenda juu. Anaanza na Septemba na Agosti, miezi iliyo mbali kabisa, wakati wa kusafisha shamba na kulipa vibarua wa kuokota. Halafu Julai na Juni, wakati wa kupuliza salfa mikorosho isiliwe na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Halafu Mei na Aprili, palizi na unga. Januari anaweka sare na madaftari ya watoto. Desemba anaiandika mwisho kabisa, inapata kilichobaki.

Nilimuuliza kwa nini anaanzia mbali. Akaniambia, “Mwanangu, Desemba ina ndugu wengi. Mei haina mtu.”

Magunia yake ya mahindi anayanunua Novemba, bei haijapanda, anayapanga ndani juu ya mbao yasiguse sakafu. Wakati wengine wanakwenda porini kuchimba ming'oko, viazi vya porini, kwa sababu ndani hamna kitu, yeye anakula ming'oko kwa kupenda, na chumvi na pilipili, kisha anarudi kwenye ugali wake.

Sasa niseme kuhusu kangomba, maana hapo ndipo mkulima anapofilisikia. Kwa msomaji asiye wa huku: kangomba ni kuuza korosho zako nje ya mizani ya chama, mara nyingi zikiwa bado maua mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Imekatazwa, viongozi wanaikemea kila mwaka, na kila mwaka ipo, kwa sababu anayeuza ana mtoto mgonjwa au hana unga. Tuchukue mfano. Juni unapewa 100,000 kwa ahadi ya kilo 100. Mnadani bei ikifika 3,000 kwa kilo, zile kilo 100 ni 300,000 kabla ya makato. Umekopa laki moja, umelipa laki tatu, ndani ya miezi mitano. Sasa mfikirie jirani yako aliyekuwa na laki moja yake Juni, imelala tu kwenye kibubu haizai hata senti. Kwa kuwa nayo tu, korosho zake kilo 100 zimefika mnadani. Amebaki na laki mbili ambazo wewe umempa mwenye kangomba. Mimi sijui benki, hisa wala biashara ya halali hapa mjini inayolipa namna hiyo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza pesa yake kidogo aiwekeze wapi kwanza, namwambia aiwekeze kwenye Juni yake.

Nilijifunza hilo kwa kuumia. Msimu wa 2018 wengi tunaukumbuka. Wakulima walizikataa bei za mnadani, na mwezi Novemba Serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yaliwafikia watu kwa nyakati tofauti, wengine walingoja miezi. Daftari langu la “msimu” halikulipika, kwa sababu walioniahidi walikuwa wanangoja. Mapema 2019 nikakopa laki mbili kwa mkopeshaji wa mtaani, mikopo ile tunayoiita kausha damu, rejesho kila wiki. Wiki ya sita nikakosa. Walikuja vijana wawili asubuhi, wakakaa kwenye benchi la wateja wangu, hawakutukana, hawakusema neno, wakakaa mpaka jioni. Wateja waliotokeza waligeukia mlangoni. Jioni hiyo niliuza cherehani yangu ya pili, ile ya kudarizi, kwa bei ya kutupa. Kukopa harusi, kulipa matanga: nilikuwa nikiitamka methali hiyo tangu shuleni, siku ile nilikaa ndani yake.

Mjomba naye alingoja malipo mwaka ule kama wengine. Tofauti ni kwamba alingoja akiwa anakula.

Kuna mambo mawili nayaona kutoka dirishani kwangu yanayomaliza pesa ya msimu. La kwanza ni sherehe, na hapa nataka nieleweke. Sisemi watu waache ngoma. Nilichezwa unyago, binti yangu atachezwa, na sare za ngoma ndizo zinazonilisha. Lakini si lazima familia ya watu sita ishone mishono miwili kila mmoja, nusu yake vitenge vya kukopa vilivyoletwa mlangoni kwa bei mara mbili ya sokoni kwa sababu ni vya “kulipa msimu”. Siku hizi mteja akija na vitenge viwili kwa shughuli moja namuuliza mara moja tu kama hicho cha pili kimeshalipiwa. Wengine wamekirudisha.

La pili ni vitu vinavyonunuliwa Novemba na kuuzwa Machi. Pikipiki, sabufa, runinga, bati ambazo hazijapigwa hata msumari. Kijana wa mtaa wa pili alinunua pikipiki mpya Novemba akaiuza Machi kwa nusu ya bei. Ukiangalia vizuri, mali ya mji huu inahamia mikono mingine mwezi Machi. Mwenye pesa taslimu wakati huo ananunua mbuzi, bati, hata shamba lenye mikorosho inayozaa, kwa bei ambayo Novemba ungemtukana anayeitaja. Watu wanashangaa wafanyabiashara fulani wametajirikaje. Wametajirika kwa kuwa na pesa Machi. Sipendi kununua mali ya jirani iliyojaa machozi, na sijanunua, lakini napenda zaidi tufike mahali jirani asiwe na sababu ya kuiuza.

Watu wa mikoa mingine wanatutania kwamba korosho zikilipa tunawanywesha mbuzi soda. Inaniuma kila nikiisikia, maana nawajua watu wanaookota korosho moja moja kwenye majani makavu tangu alfajiri, mgongo umepinda. Pesa yenye jasho lile inastahili kukaa.

Ukishaipata Mei yako, ndipo tuzungumze kukuza. Mjomba kila mwaka anapanda mstari mmoja wa miche ya korosho iliyobebeshwa, ile ya mbegu bora zilizofanyiwa utafiti kwenye kituo cha Naliendele, Mtwara. Nafasi ni mita 12 kwa 12, ekari moja inaingia kama miche 28. Ukiitunza inaanza kuzaa mwaka wa tatu, na katikati analima kunde na mbaazi. Hajawahi kupanda ekari nzima kwa mkupuo. Anasema mstari mmoja anaumudu kuupalilia hata akiumwa. Na sisi Kusini tunajua mkupuo ulivyo. Waingereza walianza mradi wao wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwamo, wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara, fedha nyingi ajabu, na udongo na mvua hawajavipima sawasawa. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Reli yenyewe iling'olewa. Kwa hiyo akija mtu na simu yake kukwambia weka laki mbili upate laki nne baada ya mwezi, muulize udongo ameupima lini.

Mimi shamba langu ni dogo, kwa hiyo nimeweka pia kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja. UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayosimamia mifuko hiyo, wanayo kadhaa, wa Umoja ndio wa zamani, ulianza 2005, na ule wa hatifungani, yaani kuikopesha Serikali au kampuni kwa riba, ulianza 2019. Unanunua vipande, fedha za watu wengi zinakusanywa na kuwekezwa, thamani ya kipande inasogea. Mfuko wenye hisa ndani unaweza kushuka pia, ndiyo maana mimi nilichagua wa hatifungani. Nilianza na 50,000, na kila gunia la vitenge la Novemba linapopita mezani naongeza. Ukitaka pesa yako unauza vipande kisha unangoja siku kadhaa. Wengine kungoja huko kunawaudhi. Mimi kumeniokoa na manunuzi mengi ya hasira.

Mwenye milioni moja iliyotulia anaweza kununua hatifungani ya Serikali yenyewe, inayouzwa kwa mnada na Benki Kuu. Unapitia benki yako au dalali wa hisa. Zipo za miaka miwili mpaka 25, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Ile ya miaka 25 ilipotolewa mara ya kwanza 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Maana yake milioni moja ilikuwa inaleta 159,500 kwa mwaka, 79,750 kila baada ya miezi sita. Baadaye riba za hatifungani mpya zilishushwa, uliza za sasa kabla hujaamua. Kinachonivutia kwa mkulima ni huo mpangilio wa mara mbili kwa mwaka: unaweza kuwa na pesa inayoingia wakati shamba halikupi kitu.

Lakini lililobadilisha maisha hapa mtaani kwetu halihitaji milioni. Kikundi chetu cha hisa kina wanawake 22, sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Kama vikundi vingi, tulikuwa tunavunja mwaka Desemba. Yaani tulikuwa tunagawana pesa wakati ambao kila mtu ana pesa, tunaongeza maji baharini. Nilibishana na wenzangu miaka miwili. Waliogopa kwamba mgawo ukihama, Krismasi na sare za shule zitakuwaje. Mwishowe tukakubaliana hisa zinunuliwe kwa nguvu Oktoba hadi Januari, mgawo uwe Mei, na fungu moja libaki sandukuni kwa mikopo ya Juni na Julai.

Mwaka wa kwanza wa utaratibu huo, jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alikuja Juni jioni. Alikuwa ameshaongea na mtu wa kangomba, kilo 100 kwa laki moja, mjukuu amelazwa. Tuliita watunza funguo usiku huohuo. Tukamkopesha laki moja kwa riba ya elfu kumi. Novemba, siku ambayo malipo yake yaliingia, alikuja kwangu na 110,000 zimefungwa kwenye pindo la kanga, akazihesabu mara mbili juu ya kitambaa nilichokuwa nakata. Kisha akakaa kwenye benchi lile lile la wateja, akaomba nimchoree daftari la mistari kumi na miwili. Hajui kusoma, kwa hiyo Mei tuliichora jembe na Juni mfuko wa salfa. Desemba hatukuichora kitu siku hiyo, alisema ataifikiria akishapita sokoni kuulizia bei ya mahindi.