Mwelezeni Mgonjwa kwa Nini ni Siku 25

Shangazi yangu alikuwa akitoka Kayole saa kumi na moja alfajiri, matatu mbili, kwenda kupigwa mionzi ya kutibu saratani kwa dakika chache tu. Siku 25. Jumanne ya wiki ya pili mashine ikaharibika, wakaambiwa warudi Jumatatu. Akaniuliza: "Mwanangu, mbona wasinipige yote mara moja nikapumzika?" Hakuna aliyekuwa amemweleza. Hilo liliniuma kuliko ile mashine.

Yeye ni fundi wa nguo, nikaanzia kwenye uzi. DNA, yaani maagizo ya urithi ndani ya seli, ni nyuzi mbili zilizosokotwa kama ngazi. Mionzi huzigonga yenyewe, au hupasua maji yaliyo kando yake, na vipande vya maji hayo huzikata. Grei 1 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) ya eksirei huacha katika kila seli mikato kama 1,000 ya uzi mmoja, ambayo hushonwa upesi kwa kufuata uzi uliobaki. Mikato ya nyuzi zote mbili huwa kama 40 tu, na hiyo ndiyo hatari: ncha zikiungwa vibaya, seli inaweza kufa ikijaribu kugawanyika.

Mikato hiyo haionekani ikitokea, maana vile vipande vya maji huishi kwa nanosekunde chache. Kwa hiyo wanasayansi huiigiza kwa kompyuta. Programu kama Geant4-DNA hufuata elektroni moja moja na kurusha dadu kila hatua: igonge nini, ipoteze nishati kiasi gani, igeukie wapi. Mikato miwili ikiangukia nyuzi tofauti ndani ya vipandio 10 hivi vya ngazi ya DNA, kwa kawaida huhesabiwa kuwa mkato kamili.

Hesabu ya madaktari ya madhara kwa seli nayo ina sehemu mbili: moja hupanda sawasawa na dozi, nyingine hupanda kwa dozi mara dozi. Tazama hiyo ya pili. Grei 2 kwa siku: 2 mara 2 ni 4, kwa siku 25 ni 100. Grei 50 kwa mpigo mmoja: 2,500! Mapafu na neva huumizwa sana na sehemu hiyo ya pili. Dozi ikigawanywa, seli zenye afya hupata usiku wa kujishona. Lakini pengo likirefuka, uvimbe nao huzaana.

Haya yote yalituchukua kikombe kimoja cha chai. Daktari hana dakika kumi?

Shangazi alirudia hesabu ile kwa chaki yake ya kukatia nguo, kisha akanyamaza.

"Basi Jumatatu nitawauliza," akasema, "zile siku nne nilizokosa watazifidia vipi."